Neno Nililomwachia Bi Rehema Mlimani

Mwanangu Jerop,

Umetoka sasa hivi na Mama Shiru kwenda mjini kusukwa nywele, na umesema mtarudi kabla ya chakula cha jioni. Sanduku lako limesimama mlangoni. Sitaandika habari ya neti ya mbu wala ya kuchemsha maji ya kunywa. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Basi la Mombasa linaondoka kesho, na liko jambo ambalo lazima ulijue kabla hujapanda. Kwa miaka tisa nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Basi naandika; angalau mkono hauwezi kubadilisha mazungumzo.

Jumapili, mchungaji alipokuita mbele uombewe, ulishika maikrofoni ukasema unaenda kusomea unesi kwa sababu ya mama yako. Ukawaambia watu jinsi nilivyokimbia peke yangu ndani ya ukungu wa Mlima Elgon kumtafutia Bi Rehema msaada. Ukasema unataka kuwa mtu wa namna hiyo. Kanisa zima lilipiga makofi. Mama Shiru akanidunga mbavu kwa kiwiko na kuninong'onezea nisimame nionekane. Nilisimama, Jerop. Nilisimama na nikatabasamu.

Jioni ile ile ukanieleza kwamba umeongea na Bi Rehema kwa simu, na kwamba kwa vile Tanga si mbali na Mombasa, likizo yako ya kwanza utavuka mpaka ukamsalimie. Ulitaka kumwona, ulisema, huyo nyanya ambaye mama yako alimwokoa. Nikajibu kwamba ni vizuri. Halafu nikaondoka mezani kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sikumwokoa Bi Rehema. Nilimwacha.

Wewe ulikuwa darasa la nne, na unayoyakumbuka ni machache, mengine umepewa na Mama Shiru. Yeye hasemi uongo. Anapenda tu hadithi inenepe. Mwaka wa kwanza mvua ya mawe ilikuwa kama mahindi, mwaka uliofuata ikawa kama mayai, na siku hizi akiisimulia dukani kwake ni kama ngumi ya mtu. Kwa hiyo nitakueleza nilivyoiona mimi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Baba yako alikuwa Moi's Bridge na shughuli zake za mahindi, na rafiki yangu Mama Shiru akanishawishi kwamba watu wa mtaa wetu wa West Indies nao wana haki ya kwenda likizo kama watalii. Tulifika mlimani jioni, sisi watatu, na pale kambini tukamkuta Bi Rehema. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Tanga, amekuja kumtembelea mwanawe aliyekuwa akifanya kazi hapa Eldoret. Mwanawe hakupata ruhusa kazini, naye akaja peke yake. Alituambia kwamba ameipanda milima ya Usambara na wanafunzi wake tangu aanze kufundisha, na sasa alitaka kuona wetu. Mwongozaji alikuwa mmoja tu, Mzee Kirwa, mtu wa pale chini ya mlima, kwa hiyo tukakubaliana kwenda pamoja.

Usiku ule wakati wa chai, yule kijana wa jikoni aliombwa sukari. Akasema, "Nakuja," akageuka akaenda zake. Bi Rehema akamtazama akiondoka, kisha akatugeukia sisi.

"Jamani, huyu anakuja wapi? Mbona namwona mgongo?"

Mama Shiru alicheka mpaka akamwaga chai. Tukamweleza kwamba huku kwetu mtu akiondoka husema anakuja, maana yake ni kwamba atarudi. Bi Rehema akasema kwao mtu anayekuja humwona uso, na anayeondoka husema anakwenda, na akiwa na adabu huongeza kwamba atarudi. Sukari yenyewe haikufika, na hilo nalo likatuchekesha.

Asubuhi tulipanda vizuri. Wewe ulikuwa mbele na Mzee Kirwa, ukimuuliza jina la kila mmea. Karibu na kilele ukaanza kusema kichwa kinakuuma. Nilikupa maji na biskuti, nikakuambia uvumilie kidogo, tumekaribia. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku ile, na nililifanya kwa sababu nilitaka picha yako ukiwa juu. Picha hiyo ndiyo iliyo sebuleni. Ukiitazama sawasawa utaona kwamba hucheki. Umefumba jicho moja kwa maumivu.

Tulipogeuka kushuka mvua ya mawe ikatukuta mahali pa wazi. Haikudumu, lakini iliyafanya majani na mawe yote kuteleza, na Bi Rehema akaanguka. Kifundo chake cha mguu kikavimba pale pale tukikitazama. Mzee Kirwa alimshika upande mmoja na mimi upande wa pili, tukamvuta mpaka chini ya mwamba uliojitokeza kama kibaraza. Tulidhani shida yetu ni hiyo. Ndipo Mama Shiru akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ulikuwa umetapika na umekaa katika matapishi yako. Nilikuita jina. Ukanitazama kama mtu asiyenijua.

Mzee Kirwa alikufungua macho, akakusimamisha, ukayumba. Hakupoteza wakati.

"Mama, hii mtoto ashuke saa hii. Si baadaye. Kichwa ya mlima dawa yake ni kushuka."

Akapanga mambo haraka. Yeye atakubeba mgongoni kwa sababu anaijua njia na ana nguvu. Mama Shiru atakufuata nyuma akikushikilia usianguke. Simu hazikuwa na mtandao mpaka kule lilikosimama gari lililotuleta, kwa hiyo kutoka huko yeye mwenyewe angerudi na watu wa kumbeba Bi Rehema. Na mimi nibaki naye. Nilimwambia wewe ni mtoto wangu. Akaniuliza kama naweza kukubeba kilomita nane kwenye utelezi. Sikuweza. Akaniuliza kama Bi Rehema anaweza kuachwa peke yake kwa baridi ile na mguu ule. Nilijua hawezi.

"Basi kaa na yeye," akasema. "Musitoke hapa. Nikirudi nitakuja moja kwa moja kwa hii jiwe."

Nikaahidi. Uliondoka mgongoni kwake, kichwa chako kikining'inia begani, na ukungu ukawafunika kabla hamjafika mbali.

Jerop, sasa naandika kile ambacho sijawahi kumwambia mtu mpaka wiki hii.

Nilikaa. Nilimfunika Bi Rehema kwa koti lake na shuka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akinituliza mimi. Aliniambia habari za mtoto wa shule aliyewahi kuzimia mlimani Usambara, na jinsi alivyoamka akiomba muhogo. Alijaribu kunichekesha. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja, na kwa lile lingine nakusikia wewe ukilia, ijapokuwa hapakuwa na sauti yoyote. Kila nilipofumba macho niliona kile kichwa chako kikining'inia. Nikaanza kufikiri kwamba ukifa utakufa mgongoni kwa mtu baki, na mimi nimekaa na mgeni niliyemjua jana. Nilifikiri hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mgeni niliyemjua jana.

Nikasimama. Akaniuliza kuna nini. Ningeweza kumwambia ukweli: kwamba siwezi kuvumilia, kwamba naenda kwa mwanangu na sitarudi mpaka nimwone. Angeniomba nikae, au angeniruhusu. Yote mawili niliyaogopa. Kwa hiyo nikamwambia lile neno letu ambalo halimgharimu mtu kitu.

Nikasema, "Nakuja."

Nikatoka.

Mtu wa Eldoret angejua papo hapo kwamba nimeondoka. Angepiga hesabu zake, angejikunja, angemsubiri Mzee Kirwa. Bi Rehema alicheka nalo jana yake, lakini mtu akiwa na maumivu hurudi kwenye lugha ya nyumbani kwao. Alisikia kwamba ninakuja. Alidhani nimetoka kujisaidia, au kutazama njia, na kwamba baada ya dakika tano nitakuwa mbele yake.

Nilishuka mbio. Nilianguka mara sijui ngapi. Baada ya muda mrefu nilisikia sauti za watu zikipanda, na ukungu ukanitolea Mzee Kirwa na wanaume watatu wenye machela. Kumbe alikuta gari lingine na watu wake kabla ya kufika lilikosimama letu, na wewe ulikuwa umeshatelemshwa chini pamoja na Mama Shiru, ukaanza kupata fahamu na kuomba maji. Msaada ulikuwa tayari njiani, Jerop. Mimi sikuuleta. Niliugonga tu kama mtu anayekimbia bila kutazama.

Mzee Kirwa akaniuliza yule mama yuko wapi na mbona nimemwacha. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Nilisema amenituma niite watu. Nikasema yuko pale pale chini ya mwamba.

Hakuwa pale.

Alikuwa amenisubiri, na nilipokawia akaamini kwamba nimeanguka. Kwa nini mtu aliyesema anakuja asije, kama hakuumia? Akatoka kunitafuta. Mwanamke wa umri ule, na kifundo kilichovimba kama boga, alitambaa juu ya mawe ya baridi akiniita jina. Akaporomoka kwenye mfereji wa maji na kuvunjika nyonga. Walimtafuta mpaka giza likakaribia. Mzee Kirwa ndiye aliyemsikia hatimaye, kwa sababu bado alikuwa akiita. Hakuwa akiita msaada. Alikuwa akiita, "Mama Jerop, uko wapi?"

Walinihadithia hilo kama jambo la ajabu. Nililipokea kama mtu anayepigwa kofi mbele za watu na kulazimika kushukuru.

Siku tatu baadaye nilienda kumwona hospitalini. Mwanawe alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu, akitaka kujua nani alikuwa na mama yake na kwa nini aliachwa. Nilifungua mdomo. Bi Rehema akanitangulia. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyenituma. Mwanawe akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Alipotoka kwenda kununua dawa nikapiga magoti karibu na kitanda, nikamuuliza kwa nini amesema hivyo. Hakunitazama kwanza. Aliitazama dari.

"Ulisema unakuja," akasema. "Nikangoja. Hukuja, nikajua umeanguka. Mimi sikudhani mtu anaweza kusema anakuja akiwa anakimbia."

Nikalia. Akaningoja nimalize.

"Mwanangu ana hasira na huku ni ugenini, nimesema la kumtuliza. Lakini binti yako nitakuachia wewe. Mwambie siku atakapoweza kuelewa."

Nilimwahidi. Hiyo ilikuwa ahadi yangu ya pili kwake, baada ya lile "Nakuja."

Umekuwa ukiweza kuelewa kwa muda mrefu. Uliweza ulipokuwa darasa la nane, siku uliponiuliza kwa nini sipendi hadithi ile isimuliwe mbele yangu, nami nikasema ni unyenyekevu. Uliweza ulipokuwa kidato cha tatu, ulipoiandika kama insha na mwalimu akaisomea darasa. Uliileta nyumbani nikaisaini. Niliangalia saini yangu chini ya uongo wangu, kwa maandishi yako mazuri, na nikakuuliza kama umekula. Kila mwaka nilijiambia mwakani. Lile neno langu nililitumia kwako pia, kimyakimya, miaka tisa.

Na si mlimani tu. Ulipokuwa mdogo sana nilikuwa nikikuacha kwa jirani asubuhi na kukuambia nakuja, nikijua kwamba ni jioni. Jirani aliniambia ulikuwa ukikaa kwenye kizingiti na viatu vyako miguuni, ukikataa kuvivua. Nililiona jambo la kuchekesha. Niliwasimulia wenzangu sokoni. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mmoja wetu hufanya hivyo, na mama zetu walitufanyia. Tunadhani tunampunguzia mtu uchungu. Tunajipunguzia sisi ule muda wa kumwona uso anapojua kwamba tunaondoka.

Unaenda kuwa nesi. Wodini watakuita pande zote, na wewe ni mmoja. Ulimi utataka kusema nakuja kwa kila kitanda, kwa sababu ni neno jepesi na linanyamazisha. Mimi sina haki ya kukufundisha unesi. Najua tu habari ya mtu mmoja aliyelala kwa maumivu na akaliamini. Mwambie mgonjwa unaenda wapi, hata kama atakasirika. Na ukiwa umeogopa, mwambie mwenzako kwamba umeogopa. Ningesema hivyo pale chini ya mwamba, nadhani Bi Rehema angenipa mkono wake nikaushika tu, na pengine ningekaa. Nadhani. Sitajua kamwe.

Nisikudanganye tena: sijutii kukuwaza wewe. Ningekuwaza hata leo. Ninachojutia ni kwamba niliondoka kama mwizi, na kwamba nilimwachia mwanamke mwingine kazi ya kuwa na wasiwasi juu yangu. Yeye ndiye aliyetoka kumsaidia msafiri mwenzake siku ile. Hadithi uliyoisimulia kanisani ni ya kweli, Jerop, ila umeibandika kwa mtu asiyestahili. Ibandue kwangu umpe mwenyewe. Hutahitaji kubadilisha chuo.

Jumapili usiku nilimwambia baba yako. Alikuwa amepakuliwa chakula. Alisukuma sahani pembeni. Kisha akauliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Niliposema hapana, akasema, "Basi mimi si mtu wa kuambiwa kwanza." Jumatatu akaenda Moi's Bridge. Anasema ni kwa sababu ya mahindi. Atakuja kesho kukuaga, usiwe na shaka. Hana ugomvi na wewe. Nami sijui tutaongeaje ukiisha kwenda. Nyumba hii itakuwa na watu wawili na jambo moja.

Jumatatu hiyo hiyo nilimpigia Bi Rehema. Anatembea kwa fimbo mbili sasa. Sokoni hutuma watoto wa jirani, na Usambara anaiona kwenye kalenda. Nilimwambia kwamba unataka kwenda kwake. Alifurahi kweli, akauliza kama unakula samaki. Halafu akasema, "Akiniuliza sitamdanganya, Mama Jerop. Nimezeeka, uongo unanichosha."

Nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo kule uani. Kwa dakika chache, na hili ndilo baya kuliko yote niliyoyaandika, nilitafuta njia ya kukuzuia usiende Tanga. Niliwaza kusema barabara ni mbaya. Niliwaza kusema amehama. Nilikuwa tayari kumhamisha mama wa watu mwenye fimbo mbili ili mimi nibaki nimesimama kanisani. Ndipo nikajua kwamba bado nakimbia kwenye ule mlima, na kwamba hakuna atakayenikuta njiani na machela; lazima nisimame mwenyewe.

Nilitaka kuitia barua hii kwenye sanduku, kati ya shuka, uikute Mombasa. Ungekuwa mbali, ningelala usingizi siku mbili zaidi. Lakini ungeisoma peke yako chumbani kwa watu usiowajua, na ungetaka kuniuliza, na mimi ningekuwa sauti tu ya simu inayoweza kukatika. Sitafanya hivyo. Nitakupa mkononi ukiingia, hata kama kichwa chako bado kinauma kwa kusukwa.

Sijui utaniangaliaje. Huenda hutaniangalia. Huenda utapanda basi bila kunikumbatia, na nitakuwa nimekupoteza siku moja kabla ya kukuacha uende. Nimelifikiria hilo, na bado naandika, kwa sababu kama utanipenda tena nataka uwe unanipenda mimi, huyu hapa. Hicho ndicho kitumaini kidogo nilicho nacho. Kinanitosha kumaliza ukurasa.

Nasikia geti. Mama Shiru anakuambia kwamba wanaume wa Mombasa wanapenda nywele ndefu, nawe unamwambia, "Mama Shiru, acha story, mimi naenda kusoma."

Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya Bi Rehema, ingawa unayo, ili ujue ni mimi niliyeiweka. Nimemwambia kwamba leo nakupa barua hii. Amesema atakaa karibu na simu. Usinijibu kitu bado. Nenda chumbani, mpigie yeye kwanza, umuulize kila kitu, na umsikilize mpaka amalize. Mimi nimekaa hapa jikoni na mlango uko wazi. Sitainuka mpaka utoke.

Mama yako, aliyemwacha mtu mlimani